Hamira Iliyoonja Kibuyu cha Naisula

Pombe ya asali aliyopika Naisula ilikataa kuchachuka, na wazee wa boma wakakata shauri: arudi kwao, mtoto abaki.

Nilisoma naye sekondari Karatu. Mimi nikaenda chuo kikuu kusomea hamira, yeye akaolewa Malambo. Mwaka 2002 nilikuwa likizo kwetu Rhotia aliponitumia ujumbe kwamba ameonewa. Huko Malambo mwanamke anayepika pombe ya sherehe ya tohara hukaa mbali na mwanaume mpaka ichachuke. Isipochachuka, basi amelala na mtu. Na kwa kuwa mume wa Naisula, Moloimet, alikuwa machungani muda wote huo, walisema ni mtu wa nje. Nilifika nimefura kwa hasira.

"Mama, mmeionja?" nilimwuliza Kaika, mama mkwe wake.

"Haionjwi, mwanangu, mpaka wazee waitemee mate ya baraka."

Shingoni mwa kibuyu niliona ukoko mweupe. Nikashuku chumvi. Kwa vile binadamu wamekatazwa kuonja, hamira ingeonja kwa niaba yetu.

Nilikuwa na chupa mbili za hamira ya maabara, nimekuja nazo likizo zisife chuoni kwa kukosa wa kuzilisha. Hamira ni ile ile, ila ya pili niliiongezea nakala za jeni moja. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoisaidia hamira kuvumilia chumvi. Chumvi ikizidi, kimeng'enya hulemaa na hamira ya kawaida huzira kazi. Yangu huendelea.

Nilichota pombe ile kibuyuni, nikajaza chupa mbili za soda, nikatia hamira na kuvika kila mdomo puto: jeupe kwa ile ya kawaida, jekundu kwa ile yenye jeni. Hamira ikifanya kazi, hewa yake hulijaza puto. Nikaziweka juani. Wazee wakakaa kuzitazama.

"Yakilala yote mawili?" aliuliza mzee Sakaya.

"Sitasema neno tena, mzee wangu."

Nilijibu kwa kiburi. Lakini yakilala, ningekuwa nimemzika rafiki yangu kwa mikono yangu. Naisula alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika. Moloimet aliegemea fimbo yake, akiangalia chini. Nikamwona mwanaume mwenye haya, nikamhurumia.

Jua lilipoanza kushuka, puto jekundu likajikunjua, likasimama. Jeupe lilining'inia vile vile.

"Iliyosimama haiogopi chumvi," nikasema. "Iliyolala inaiogopa. Kibuyu kina chumvi, wazee wangu. Huyu hana kosa."

Sakaya akauliza kibuyu kilitoka wapi.

"Kwangu," alisema Moloimet, bado anaangalia chini. "Nilikuwa nahifadhia chumvi ya ng'ombe. Nikaimwaga, nikampa kabla sijaenda machungani."

Naisula akamgeukia. "Ulikumbuka lini?"

"Siku waliyokuhukumu."

Kaika alijifunika uso kwa shuka. Huruma yangu yote kwa mwanaume yule ikageuka nyongo.

"Mke wetu atabaki," Sakaya akasema hatimaye. "Tumekosea."

Naisula alimfunga mtoto mgongoni, taratibu, akakaza fundo.

"Mlishaamua nirudi kwetu, baba," alisema. "Narudi. Ila mtoto habaki."

Akatangulia kutoka, nami nikamfuata na chupa zangu.