Njegere Chini ya Dirisha

Fundi umeme alizoea kuwa juu. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo, mkanda kiunoni, koleo mfukoni, na kuwagombeza wenzake waliobaki chini. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba kondo la nyuma limekaa chini mno, na kwamba hadi ajifungue kazi yake ni kulala tu, asinyanyue hata ndoo, alimtazama kama hakimu aliyemfunga bila kosa.

Mumewe alikuwa mpishi hotelini, akitoka alfajiri na kurudi hoi. Akamwomba mama yake aje kusaidia. Mama mkwe akafika na sanduku la nguo na mfuko mzito wa mbegu.

"Mama, hapa hatuna shamba," Fundi akamwambia.

"Na hapo mnapoanika nguo ni nini? Pamekaa bure."

Akachimba matuta chini ya dirisha la chumba cha kulala. La kwanza akapanda njegere fupi, zinazosimama zenyewe. La pili, karibu na ukuta, njegere za kutambaa. La mwisho zile za maganda laini, zinazoliwa nzima nzima bila kumenywa. Kitanda cha Fundi kikasogezwa dirishani apate hewa, na hapo ndipo mateso yalipoanza, maana aliona kila kitu na hakuruhusiwa kugusa chochote. Alijigeuza huku, akajigeuza kule, akawasha simu, akaizima, akaiwasha tena.

Mama mkwe naye hakutulia. Kila asubuhi alichokonoa udongo kwa kidole, akatoa mbegu, akaikagua, akaifukia.

"Mama, utaziua! Ziache zitulie."

"Nani huyo anayesema habari za kutulia? Si wewe niliyekukuta jana juu ya stuli ukibadilisha balbu?"

Fundi akavuta shuka mpaka kidevuni.

Mbegu zilizonusurika zikaota. Za kutambaa zikaanza kunyoosha vikono vyembamba kama uzi, zikitafuta pa kushika. Mama mkwe akachomeka fito na kuzifunga kwa vipande vya kitambaa. Fundi alikuwa akitazama huku vidole vyake vikicheza juu ya shuka.

"Fundo hilo limelegea, Mama. Zungusha tena, ndiyo ukaze. Siyo hivyo! Aah!"

"Basi njoo ufunge mwenyewe!" mama mkwe akafoka. Papo hapo akaziba mdomo. "Usije. Nimesema tu."

Alasiri moja mama mkwe alikuwa ameenda sokoni upepo ulipovuma. Fito zikayumba, zikainama, kisha safu nzima ikalalia njegere fupi. Fundi akajiambia ni fundo moja tu. Akatoka pekupeku, akazisimamisha fito, akakaza fundo, akahamia la pili. Ndipo akahisi majimaji ya vuguvugu yakimteremka mguuni. Akatazama chini. Ilikuwa damu.

Mama mkwe alimkuta amekaa kati ya matuta, kitambaa bado mkononi. Alimpigia kelele jirani, dereva wa teksi, naye akaja mbio na kandambili moja.

Garini Fundi alilaza kichwa mapajani mwa mama mkwe, akingoja maneno.

"Nigombeze basi, Mama. Sema chochote."

"Nikugombeze nini? Mafundo yaliyoachia ni yangu." Akampapasa paji la uso, kisha akamgeukia dereva. "Jirani, ongeza mwendo."

Damu ilikatika, lakini hospitali haikumruhusu kurudi nyumbani. Wodini aliwachosha wauguzi kwa maswali, akawaonyesha taa iliyokuwa ikipepesa, akakatazwa kuigusa. Mama mkwe alimletea njegere za kuchemsha na habari za bustani, na wote wawili walizungumza haraka haraka, kama watu wanaoogopa kimya kisiingie katikati.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, kwa upasuaji, wa kike, mdogo kama kifurushi cha mkate. Akawekwa kwenye mashine ya joto. Baba yake alizunguka korido na kofia ya jikoni kichwani, hakuna aliyepata moyo wa kumwambia aivue. Yeye na mama yake walingoja hivyo, wakipokezana kiti kimoja, mpaka asubuhi moja mtoto aliponyonya mwenyewe na muuguzi akacheka kwa sauti.

Waliporudi nyumbani, njegere za maganda laini zilikuwa zimepitiliza na kukakamaa. Mama mkwe akazing'oa, akafagia uwanja, akafunga sanduku lake.

"Kaa kidogo, Mama," Fundi akasema, mtoto kifuani.

"Na shamba langu nimwachie nani?" Akaketi. Akasimama, akachungulia uso wa mtoto, akaketi tena. Viatu vya safari vilikuwa tayari miguuni.

"Ananuna akilala," akasema. "Kama babu yake."

Akavua kiatu kimoja.