Ufunguo wa Bafu la Wanawake

Mshonaji, wafungwa wenzake walivyomwita kwa kuwa ndiye aliyeshona sare za gereza, alikuwa na povu usoni mlango wa bafu ulipofunguliwa. Alidhani ni Shangazi, askari wa kike wa zamu. Alipofuta macho akamwona askari wa kiume amesimama kizingitini, mikono nyuma, kama mtu anayengoja chai.

"Nahesabu watu tu," alisema, wala hakugeuza shingo.

Mshonaji akajikinga na ndoo. Ndoo yenyewe ndogo.

Sheria hata mfungwa mgeni aliijua: askari mwanamume haingii upande wa wanawake peke yake, na ufunguo wa bafu hukaa kwa mwanamke. Lakini askari wa kike alikuwa mmoja zamu nzima, na miguu ilimvimba. Akizidiwa humpa yule bwana ufunguo, akaenda kukaa kidogo.

Jina la Shangazi alipewa na wafungwa wenyewe, maana alikuwa na utu. Kila Jumapili, nyuma ya chumba cha kufulia, alimwazima Mshonaji simu yake kwa siri aongee na bintiye. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma. Alimsomea mama maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni, herufi kwa herufi.

Wafungwa wenzake walimlalamikia yule bwana wa bafuni, na Mkuu wa gereza akamwita Mshonaji atoe ushahidi. Kabla hajaenda, Shangazi alikuja kwenye cherehani, akakaa juu ya furushi la vitambaa.

"Mwanangu, sema nilikuwa nyuma yake. Ukisema vingine, kazi sina."

"Na yeye?"

"Yeye ataonywa."

"Halafu atafungua tena."

Shangazi alisugua goti. Akauliza, kwa sauti ya chini, Jumapili mtoto ataongea na mama yake kwa simu ya nani. Mshonaji aliendelea kukanyaga cherehani. Baadaye aliona kwamba mfuko ameushona juu chini.

Ofisini Mkuu alimuuliza Mshonaji askari wa kike alikuwa wapi. Mshonaji alingoja moyo umwende mbio. Haukwenda.

"Hakuwepo. Ufunguo alimpa yule bwana. Na si mara ya kwanza."

Shangazi aliondolewa siku hiyohiyo, bila kuaga. Yule bwana alihamishiwa lango la wanaume, na sare yake mwilini. Mama mmoja mwenye maneno akasema kaenda kuwahesabu madume wenzake, tuone kama atawakodolea. Wote walicheka. Mshonaji alisogeza midomo.

Jumapili alikwenda nyuma ya chumba cha kufulia, akakaa hadi walipoitwa kuoga. Askari mpya, binti wa suruali iliyonyooshwa vizuri, alifungua bafu akawapa mgongo.

"Ogeni, mama zangu. Siangalii."

Mshonaji alichota maji, akajimwagia kichwani, akasugua mikono. Jirani yake akamtazama, akamuuliza kulikoni anaoga na gauni.

Akajiangalia. Gauni lilikuwa limemgandia mwilini.

"Nimesahau," alisema, akachota maji mengine.