Kuluthumu Ameingia Kwenye Mtihani

Mwalimu Anyitike alikuwa na kasoro moja ambayo wanafunzi wake waliipenda: hakuweza kutunga swali la sarufi bila kumtia ndani mtu anayemfahamu. Vitabu vya Kiingereza vimejaa akina John na Mary, watu ambao hakuna mkazi wa Ipagala, Dodoma, aliyewahi kukutana nao hata gengeni. Yeye aliwaweka wanafunzi wake mwenyewe. Charles na ng'ombe wake, kitenzi kiwe cha mmoja au cha wengi? Evarista kasahau mwavuli, tuseme "her" au "his"? Ukiona jina lako hapo, ujue Kiingereza chako kimeanza kunyooka. Shuleni waliita hivyo, kuingia kwenye mtihani, na aliyeingia alitembea wiki nzima kifua mbele, hasalimii watu.

Kuluthumu binti Mustapha alililia jambo hilo tangu kidato cha pili.

"Mwalimu, mimi nitaingia lini?"

"Siku utakapoacha kumwita mama yako mwanamume."

Darasa lote likavunjika mbavu. Maana katika insha za Kulu, mama alikuwa "he", shangazi "he", bibi mzaa mama naye "he", utadhani ukoo mzima wa Kondoa hauna mwanamke. Lakini binti hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alisimama akasema, "Mwalimu, Kiswahili kina 'yeye' mmoja tu, na mpaka leo hajapotea mtu." Siku hiyo Anyitike aligeukia ubao haraka ili wasimwone anacheka. Alikuwa kijana kutoka Rungwe, mkali, mwenye uso wa kukopesha tabasamu kwa masharti, na hakutaka wajue kwamba kule nyuma ya sura hiyo alimpenda sana yule mtoto kwa mdomo wake.

Kulu hakukata tamaa. Nyumbani aliwasumbua wazazi kila jioni: leo sijaingia, labda muhula ujao. Mama yake, Bi. Kibibi, muuza mboga ya mlenda mkavu na karanga, hakujua neno la Kiingereza, lakini habari ya kuingia na kutoingia aliijua kuliko bei za sokoni. Kidato cha nne kilipoanza, Kulu akaanza kubadilika. Mama akawa "she". Vitenzi vikaanza kumfuata mtendaji mwenyewe badala ya kufuata jina lililo karibu. Mwezi wa tatu, Anyitike alipopewa kazi ya kutunga Kiingereza kwa mtihani wa ujirani mwema, ule unaofanywa na shule kadhaa kwa pamoja, akamwingiza. Swali la kumi na nne. Hakumwambia. Alitaka kumwona uso siku hiyo.

Likizo ya mwezi wa nne homa ikamshika Kulu, malaria ikapanda kichwani, na kabla watu hawajajua kwamba ni jambo la kutisha, wakawa wanatafuta sanda.

Msibani, mwalimu alipoinama kumpa mkono Bi. Kibibi, mama yule aliung'ang'ania mkono wake. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, aliingia?"

Na yeye akasema nini? Akasema Mungu akupe subira, mama. Mitihani ilikuwa tayari imechapwa, imefungwa kwenye bahasha, na maswali ni siri mpaka siku yake. Kanuni ni kanuni. Lakini aliondoka pale akijichukia, kwa sababu mama aliomba neno moja tu, naye alikuwa nalo mdomoni akalimeza.

Shule zilipofunguliwa alikwenda kwa mwalimu wa taaluma, Batholomeo, akamweleza. Je, jina la Kulu haliwezi kuondolewa? Wenzake watalikuta katikati ya mtihani.

"Bahasha ziko shule nne," Batholomeo alisema. "Utamfuta na nini, ndugu yangu? Na ukimfuta, utakuwa umefanya nini?"

Anyitike akaaga, akarudi darasani.

Siku ya mtihani alisimama nje ya dirisha. Upepo wa Dodoma ulikuwa unapeperusha vumbi uwanjani na darasani kalamu zilikuwa zinakwenda vizuri. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wakaacha kuandika. Evarista aliweka paji la uso juu ya dawati. Charles aliinua macho, akamtazama mwalimu wake kupitia dirishani, macho ya mtu anayeuliza kwa nini umetufanyia hivi. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, akawa anauliza kuna nini, swali gani lina tatizo.

Anyitike alijua kwamba wale watoto wakitoka tu, habari itafika nyumbani kwa Mzee Mustapha kabla ya jua kuzama. Akapiga moyo konde. Mtihani ulipoisha alichukua nakala moja ya maswali, akaenda.

Bi. Kibibi alikuwa barazani anachambua karanga kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Vuta kigoda."

Alivuta. Hakuzunguka. "Mama, siku ile msibani uliniuliza kitu, nikakuacha bila jibu. Kulu aliingia. Leo wamelikuta jina lake."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya ungo. Akasema, "Nisomee. Anza na hicho Kiingereza chake."

"Kuluthumu, together with her friends, dash, going to Mtera to see the dam."

"Sasa nieleze."

"Kuluthumu, pamoja na rafiki zake, anakwenda Mtera kuona bwawa. Mwanafunzi anatakiwa aweke kitenzi kinachokubaliana na Kuluthumu. Wale rafiki wako pembeni tu, kitenzi ni chake yeye."

"Ni chake yeye," mama alirudia. Akapukusa maganda. "Alifika?"

"Mama?"

"Mtera. Hajawahi kwenda, hata mimi sijawahi. Alifika salama?"

Mtu mwingine angesema ukweli, kwamba sentensi inaishia hapo, ni swali la sarufi tu. Anyitike mwenyewe aliwafokea wanafunzi miaka yote: usiongeze neno ambalo swali halikusema. Alitazama karatasi. Swali la kumi na tano lilihusu ng'ombe wa Charles.

"Alifika," alisema. "Hapa kwenye la kumi na tano. Wamekula samaki, amekubebea wengine wakavu."

"Hapendi samaki."

"Ndiyo maana amekubebea wewe."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akaridhika. "Na la kumi na sita?"

Kwenye la kumi na sita Kulu alifaulu kidato cha nne. Katika lililofuata akapata kidato cha tano, shule ya bweni Kongwa, akalalamikia maharage. Kisha akaingia chuo kikuu hapahapa Dodoma, kule juu mlimani, na siku ya kwanza akawasimulia wenzake wa chumba habari za mama yake anayeuza mlenda.

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Akaniita mwanamume?"

"Mara moja tu, mama. Akajisahihisha."

Bi. Kibibi akacheka. Kicheko kile kilianza vizuri, kikageuka katikati, na mama akajifunika uso kwa khanga akalia kilio ambacho msibani hakukilia. Anyitike naye machozi yakamtoka, akaendelea kusoma hivyohivyo, anafungua kurasa, kwa sababu alihisi akinyamaza binti atakufa tena, na safari hii mikononi mwake.

Mama alipofuta macho alisema kwa upole, "Mwalimu. Ukurasa huo hauna maandishi."

Anyitike aliutazama. Ulikuwa ukurasa wa mwisho, mweupe. Aibu ikampanda mpaka masikioni. "Nisamehe, mama. Alikuwa na swali moja tu."

"Najua. Nimejua tangu kwenye samaki." Alivuta ungo magotini. "Lakini sijakwambia uache."

Basi akaendelea. Alikuwa amemfikisha mwaka wa pili wakati Mzee Mustapha alipoingia kutoka sokoni, magunia matupu begani. Aliwakuta wawili wamekaa na karatasi nyeupe, macho mekundu. Akauliza kuna habari gani.

"Ni habari za Kulu," mkewe alisema. "Yuko chuo, mwaka wa pili. Kaa usikilize."

Mzee alimtazama mkewe, akamtazama mwalimu. Akashusha magunia, akavua kofia, akaketi sakafuni kando ya mkewe.

"Anasomea nini?" akauliza.