Kibogoyo Anakua

Picha niliipiga mwenyewe, studioni kwangu, binti yetu akiwa na miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele. Ndiyo maana tulimwita Kibogoyo. Kampuni ya sabuni iliipenda, nami kwa kiherehere changu nikawapa leseni ya kuitumia na kuibadilisha watakavyo. Mpiga picha mwenye akili zake angeruhusu tangazo moja tu, na hilo la kubadilisha angelikataa papo hapo. Mimi nilidhani watapunguza kingo na kukoleza rangi, basi.

Mwaka huohuo homa ikamchukua.

Tangazo halikushuka. Lilibaki ukutani mkabala na duka la dawa, na kila walipolibandika upya, mtoto alikuwa amekua. Kwanza meno yaliota. Kisha akavaa sare ya shule. Sasa ni msichana mkubwa wa kujisuka mwenyewe, na jino moja la mbele limelalia lenzake kidogo, kama la mke wangu. Pale kampuni hakuna aliyewahi kumwona mke wangu. Nywele zilinisimama, nasema kweli.

Nikaenda kwa mwanasheria.

"Hakimiliki bado ni yako," akaniambia. "Ulitoa ruhusa tu, hukuuza picha. Na leseni inaisha mwezi huu. Usiposaini upya, lazima waitoe, pamoja na kila walichokitengeneza kutokana nayo."

Nilirudi nyumbani roho imetulia. Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa anavaa viatu. Kila asubuhi hupita pale ukutani kabla ya kwenda kazini. Nilidhani hupita tu.

"Baba Kibogoyo," akasema nilipomweleza, "unataka nimzike mara ya pili?"

"Yule si mtoto wetu. Ni kompyuta inamchora."

"Najua. Mimi si chizi. Lakini wiki iliyopita alikuwa na chunusi hapa." Akagusa kidevu chake. "Jana ilikuwa imepona. Na hakuna aliyebandika tangazo jipya."

Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena. Karatasi za leseni mpya, zilizoletwa na kampuni, zilikuwa mezani. Akanivutia kiti, akanipa kalamu.

"Ukiandika masharti, watayafuata?"

"Ni lazima. Mwenye haki ndiye anayeweka mipaka."

"Basi andika," akasema. "Wasimwozeshe bila kutuuliza."

Nikaandika, nikaweka sahihi.