Ujumbe Unaofika

Asnath alikuwa fundi cherehani pale Korogwe mjini, mjane ambaye watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa, kila mmoja akashika njia yake. Siku moja alinunua laini mpya ya simu kwa ajili ya wateja, lakini ujumbe wa kwanza kuingia haukutoka kwa mteja. Ulitoka kwenye mfumo wa shule moja ya msingi huko Handeni: "Ndugu mzazi, mwanao Yusra Sabiri wa Darasa la Tatu amepata alama 41 kati ya 50 katika Hisabati."

Akadhani ni matapeli, akangoja waombe hela. Hawakuomba. Zikaja alama za Kiswahili, kisha za Sayansi, na Asnath akajikuta akimsifu mtoto wa watu peke yake huku mguu uko kwenye cherehani. Alielewa kuwa namba ile ilikuwa na mwenyewe kabla yake. Kila mara alijiambia kesho atatafuta namna ya kuwaarifu, na kesho ikifika anasita, maana alikwisha kumzoea Yusra.

Kisha Jumatatu moja ukaja ujumbe mwingine: "Mwanao hajafika shuleni leo." Jumanne hivyo hivyo. Jumatano ulipoingia tena, Asnath alisimamisha sindano katikati ya pindo. Kama habari hii inakuja kwangu, aliwaza, basi mwenye mtoto hajui. Akafunga kibanda, akapanda basi la Handeni.

Shuleni alipokewa na Mwalimu Justa, ndiye aliyekuwa akiingiza taarifa za wanafunzi kwenye mfumo. Alitazama simu ya Asnath, akavuta kiti taratibu.

"Mama, hii namba ilikuwa ya mama yake Yusra. Alifariki mwaka jana."

Asnath akaitazama simu yake upya.

"Nilimwambia mtoto alete namba ya baba yake," Justa aliendelea. "Akaniuliza, kwani ujumbe wa mama haufiki? Nikaangalia kwenye mfumo, nikamwambia unafika. Sikuwaza zaidi ya hapo."

Wakaenda kwa Sabiri, baba yake, aliyekuwa na karakana ya pikipiki karibu na soko. Alifuta mikono yenye oili, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona leo asubuhi nimemfunga vifungo vya shati mwenyewe, akaondoka na begi lake?" alisema kwa sauti ndogo. Akainamisha kichwa akifikiri. "Twendeni kwenye shamba alilokuwa akilima mama yake."

Walimkuta huko, ndani ya kibanda cha kulindia mahindi, amevaa sare, daftari mapajani. Sabiri hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini, na mtoto akainamia daftari. Asnath akachutama mbele yake.

"Shikamoo," Yusra akasema, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Asnath. Ujumbe wako wa shule ulikuwa unakuja kwangu."

"Ile ni namba ya mama."

"Ndiyo. Mimi niliuziwa dukani, sikujua."

Yusra aliitazama simu mkononi mwa Asnath. "Ulisoma ya Hisabati?"

"Niliisoma. Nilifurahi sana."

"Nilijua mama amekufa," mtoto alisema. "Lakini mwalimu alisema ujumbe unafika. Nikapata alama nzuri, hakujibu. Ila mama alikuwa hataki kabisa nikose shule. Nikaona, hii lazima atapiga."

Sabiri aligeuza uso kwenye mahindi. Asnath alitafuta neno la faraja asilipate, akasema lililo kweli.

"Sikuwa na namba ya kupiga, Yusra. Ndiyo maana nimekuja."

Hapo mtoto akalia. Sabiri alisema baadaye kwamba tangu msibani hakuwa amemwona akilia. Asnath alimpakata kule kibandani, na hakuna aliyemharakisha.

Waliporudi shuleni, Sabiri alitaja namba yake na Justa akaiingiza. Kisha baba akauliza kama inawezekana kuweka namba mbili.

"Inawezekana, mzazi akiridhia."

"Mimi naridhia. Kama na huyu mama ataridhia."

Asnath aliitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata zilikuja alama za Hisabati, na safari hii zilikuwa mbaya. Asnath akampigia Sabiri, naye akampa mtoto simu.

"Ni kugawanya, mama Asnath," Yusra alisema. "Kunanishinda."

"Hata mimi kulinishinda," Asnath akajibu. Akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akasogeza kipande cha khaki kilichobaki. "Haya, nisomee swali. Soma polepole."