Mbuzi wa Wageni

Erasmus, afisa wa mpango wa ruzuku kwa kaya maskini, alifika Chanika nyumbani kwa Genoveva kwa bodaboda, amempakata mbuzi kama mzazi aliyetoka leba. Mbuzi huyo Genoveva alimfahamu. Asubuhi alikuwa wa jirani yake Margareta. Juzi alikuwa wa mtu mwingine. Huo ndio uchumi waliokuwa wanauinua waheshimiwa wa mpango.

"Mama Praygod, zima moto, wageni wa mpango wanakuja," Erasmus alisema huku akimfunga mbuzi kwenye mpapai. "Karai ingiza ndani."

Mafuta yalishapata moto, na mihogo ilikuwa kwenye beseni, imemenywa. Genoveva, mwenye miaka ishirini na moja, alimwambia kwamba karai hilo alilinunua kwa kugonga kokoto akiwa na mimba ya Praygod, kabla hajaandikishwa kwenye mpango wowote.

"Ndiyo maana liingie ndani. Mwenye biashara yake si maskini, nitakukata kwenye orodha. Mwenye mbuzi wetu ndiye aliyesaidika. Unataka ruzuku, hutaki?"

Ruzuku ndiyo iliyomnunulia mtoto dawa za kifua. Alilisukuma karai chini ya kitanda, mafuta yakamrukia mkononi.

Wageni walikuja na magari mawili, wakanywa maji waliyokuja nayo, wakampiga picha mbuzi. Mmoja alimuuliza Genoveva, kwa upole mwingi, kama bila mpango angeweza kujikimu. Erasmus akamkazia macho Genoveva.

"Nisingeweza," alisema.

Wakapiga makofi. Watu wazima, na shahada zao, wanampongeza mwanamke kwa kusema hawezi. Mara ya kwanza neno lile alilisema akimtazama Erasmus. Walipomwomba alirudie kwa ajili ya kamera, lilitoka lenyewe.

Erasmus aliondoka na mbuzi wake, akaacha agizo kwamba moto usiwashwe mpaka apige simu, maana wageni walikuwa bado wanazunguka mtaani.

Jioni wateja walikuja na sahani zao, wakangoja, wakaondoka. Simu haikuita. Margareta alikuja wa mwisho, akasema magari ameyaona kwa macho yake yakirudi mjini tangu mchana.

"Washa basi, shoga. Kwani karai si lako?"

Genoveva alikuwa na kiberiti mkononi. Alikitazama, kisha akaitazama simu.

"Ngoja kwanza afisa apige," alisema.