Pingamizi la Bi Mwaija

"Tayari, bibi," Mize alisema, akainuka kwenda kuweka karatasi kwenye printa.

Kwa Bi Mwaija, tayari ni tayari. Aliichomoa flashi kwenye kompyuta, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na kitambulisho chake. Kumbe Mize alikuwa amemaliza kuchapa tu, kuhifadhi bado. Najim, mwenye steshenari, hataki kazi za wateja zijaze mashine yake, kwa hiyo pale dukani kwake Dunda kila kitu huchapwa humohumo kwenye flashi ya mteja.

Mize aliporudi, mashine iligoma: faili la muda, lile la kazi ambayo haijahifadhiwa, halionekani.

"Bibi, flashi iko wapi?"

"Hii hapa, mwanangu. Si umesema tayari?"

Amgombeze nani? Bibi wa watu ametoka Miono alfajiri kuja kuliokoa shamba lake, lililoandikwa kuwa ni pori lisilo na mwenyewe ili apewe mwekezaji. Na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupinga. Mize aliirudisha flashi, akaanza kuyanakili maandishi yaliyobaki kwenye skrini kwenda ukurasa mpya. Umeme ukakatika. Betri ya akiba ilikufa zamani, na Najim ukimuuliza, jibu lake ni kesho.

Umeme ulirudi alasiri. Mize aliipekua flashi, akifungua mafaili ya muda yenye majina yasiyosomeka, mpaka akaliona jina la Mwaija. Lakini maneno yaliishia kwenye makaburi ya wazazi wa bibi yaliyomo shambani. Mipaka na mashahidi vilikuwa vimekwenda na maji. Alichapisha kilichopona, kilichobaki akakiandika kwa mkono, wakakimbilia bodaboda.

Kule kwenye ofisi ya ardhi, karani Kitwana hakumwamkia bibi hata shikamoo.

"Hatupokei mwandiko wa mkono."

"Umeme ulikatika, kaka."

"Hata hapa ulikatika. Mbona mimi nipo?"

"Basi yasome tu."

"Dada, usinichoshe." Akafunga dirisha.

Mize aliona aibu kana kwamba ofisi ni yake. Ubaoni, barazani, palibandikwa tangazo la kuwaita wananchi walete pingamizi zao. Bi Mwaija alichomoa pini kwenye ushungi wake, akazichoma karatasi zake juu ya tangazo lile, zikalifunika lote.

"Piga picha, mwanangu," alisema. "Na ile saa yao ya ukutani ionekane."

Mize alipiga. Muda wa kazi ulikuwa bado haujaisha.